Tonge la Kwapani

Mimi sipendi mbwa, na kaka yangu sikumficha. Nilimwambia pale pale barabarani, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri. Alfredi alikuwa ameshuka kwenye lori la wanunuzi wa korosho, kifurushi cha nguo begani, jembe mkononi, na kamba ya katani imelifunga jibwa moja la rangi ya udongo. Lilikuwa limejibana kati ya miguu yake, mkia umeingia tumboni.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu Ruksa. Anakuja kukaa."

"Atakunywa nini, kaka? Maji yetu si unayajua?"

Anayajua sana, kazaliwa hapa hapa Makote ya Newala. Huku juu maji hayaji kwa kuchimba. Tunayafuata bondeni, unashuka mlima mikono mitupu, unaupanda na ndoo kichwani mpaka shingo inazama mabegani. Mtu akikuletea mdomo mwingine wa kunywa, lazima umuulize. Lakini kaka aliifupisha kamba mkononi. Alinitazama tu, nami nikayaona macho yake, nikafunga bakuli langu. Nikamtua jembe, yeye akamvuta mbwa wake, tukaenda nyumbani.

Niseme alikotoka, maana bila hilo mtu anaweza kudhani kaka yangu alikuwa mzururaji. Alikwenda Lukuledi akiwa kijana, kuoa. Alimwoa Veridiana, binti wa misheni, mweupe wa roho na mwepesi wa kucheka. Kwetu, kama ilivyo kwa watu wa kule, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Ardhi ni ya ukoo wa mke, nyumba ni ya mke. Mume anajenga, anafyeka, anapanda miti. Wakijaliwa watoto anazeekea hapo hapo. Wasipojaliwa, na mke akatangulia, matanga yakiisha wanamshukuru, wanampa jembe lake, wanamsindikiza barabarani arudi kwa dada zake. Sisemi kwamba ni uovu. Hata sisi hapa Makote tumewahi kumsindikiza shemeji yetu hivyo hivyo, tukaona ni sawa, tukarudi kupika. Ila likimfikia ndugu yako wa tumbo moja, unasikia uchungu ambao siku ile hukuusikia.

Alfredi na Veridiana hawakujaliwa. Walichokuwa nacho ni mikorosho. Wakati watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miti ile iliachwa ikawa pori, nyani ndio waliokuwa wakiifaidi. Baadaye wao wawili wakaingia na mapanga, wakaifyeka upya, wakapanda mingine, wakaipulizia salfa, dawa ya ukungu, kila maua yalipotoka. Watu waliwacheka. Ushirika ulikuwa unachukua korosho na kukuacha ukisubiri mpaka unasahau ulichouza. Ndugu zake Veridiana hakuna aliyetia mguu mle. Kaka yao mkubwa, Nikolao, alikuwa Mtwara huko, anakuja Krismasi, anakula kuku, anaondoka.

Kisha likaja hili soko huria. Wanunuzi wakamwagika na malori yao, na mizani yao inaning'inia barabarani, na wachuuzi wadogo wanapima kwa kopo bila kukuuliza korosho umeitoa wapi. Wezi nao wakapata kazi. Mtu anaamka alfajiri, anaokota chini ya miti yako, jua likichomoza keshauza, wewe unafika na kikapu chako unakuta majani matupu. Nikolao naye akaanza kukumbuka nyumbani.

Ndipo Veridiana akaomba mbwa. Walimpata akiwa bado mtoto, na kwa kuwa miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, wakamwita Ruksa. Sasa, mbwa mgeni akiingia nyumbani, kule kama huku, hupewa tonge la kwapani. Mwenye nyumba anakata tonge la ugali, analipitisha kwapani mwake likashika jasho, anamlisha mbwa kwa mkono wake. Mbwa akishalimeza, kwisha. Hapo ndipo kwao, na huyo ndiye mtu wake. Veridiana alimkatia mumewe tonge ampe. Kaka akalirudisha mkononi mwake.

"Mpe wewe," akasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Alisema kwa heshima ya mila. Veridiana akacheka, akainua mkono, akampa.

Mbwa akakua. Mwaka mmoja, maua ya mikorosho yalipochanua, Veridiana akashikwa na homa ya kifua. Haikumchukua muda. Kaka alimzika akiwa bado na unga wa salfa kwenye nyusi. Matanga yalipokwisha nguo za marehemu zikagawiwa wanawake wa upande wake, kama inavyotakiwa, na vyombo, na kuku. Nikolao aliendesha shughuli vizuri, hakumtukana mtu. Mwishoni akamnyooshea kidole mbwa aliyekuwa amelala kwenye ukuta wa jiko. "Na huyu, nani anamtaka?" Watu wakatazamana.

"Mimi," kaka akasema.

Hicho ndicho alichopewa katika maisha yake yote ya Lukuledi.

Siku ya kwanza tulimfunga kwenye nguzo ya jiko langu. Kaka akaniomba ugali. Nikampa wa muhogo, wa moto, akakata tonge, akaligandamiza kwapani, akachuchumaa. "Ruksa. Ruksa, mama." Mbwa alinyoosha pua, akanusa, akapiga chafya. Kaka alikuwa ananuka salfa mpaka rohoni, mimi mwenyewe niliisikia harufu hiyo kwenye nguo zake. Nikacheka. Nikamwambia aoge kwanza, nikampa maji yangu, ndoo nzima, na hapo ujue ninampenda. Akaoga, akakata tonge lingine. Mbwa hakupiga chafya tena. Aliliangalia tu, akageuza shingo akatazama njia ya barabarani.

Kaka naye usiku ule alikula kidogo, akasema ameshiba.

Basi ikawa hivyo. Mbwa anakunywa maji, hali. Nikampikia dagaa, mchuzi wake nikaumwagia juu ya ugali. Kuku wangu ndio waliokula. Tukamfungua tukidhani kamba ndiyo inayomkera. Akatoka, akaenda hadi njia panda, akakaa akitazama upande yanakotokea malori ya Masasi, na kaka akaenda kumfuata, wakakaa wawili, mpaka nikaona aibu watu wanaopita wanavyowaangalia. Nikawarudisha. Nikasema sasa basi, mnanijua vibaya. Nikafanya kama tunavyofanya kwa kuku mgeni ili asitoroke, nikamshika mbwa shingoni nikamzungusha kwenye mafiga yangu, mara hii, mara hii tena, huku nakohoa moshi na khanga imenidondoka. Jirani zangu walikuja kuangalia. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipomwachia, Ruksa alirudi kwenye nguzo yake akajikunja kama hakuna kilichotokea.

Nilijaribu hata kwapa langu. Ndiyo, mimi Dorika, mjane mtu mzima, mama yake Cecil, nisiyependa mbwa. Nililipitisha tonge nikiwa nimejificha nyuma ya jiko nisionekane. Alilinusa kwa adabu. Alinilamba kidole kimoja. Hakula.

Mbavu zake zikaanza kuhesabika. Na nilipokuwa nikimtazama mbwa, nikawa namtazama kaka vilevile, maana sahani yake ilikuwa inarudi kwangu karibu kama nilivyoipakua. "Nimeshiba, dada." Ulishiba lini? Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa anaamka, anachukua jembe, anakwenda kulima shamba langu mpaka hakuna jani lililobaki, anarudi, anakaa karibu na mbwa. Mkono wake juu ya mgongo wa mbwa. Mimi nikipita na ndoo najiona kama ndiye mgeni.

Nikamwita Sultani. Huyu ni jirani yetu, mwindaji, akiguswa na mate ya mbwa anajisugua na mchanga mpaka ngozi inang'aa, lakini hakuna anayewajua mbwa kama yeye. Alimfungua Ruksa mdomo, akamtazama fizi, akambonyeza tumbo.

"Haumwi," akasema. "Njomba, tonge la kwanza alilishwa na ntu gani?"

Kaka akampangusa mbwa mdomo. "Marehemu."

"Ahaa. Basi huyu anansubiri ntu wake. Wewe anakujua, lakini ulikuwa unakaa kwa yule mama, kama yeye." Alisema bila ubaya, Sultani hana ubaya. "Ntafutieni nguo ya yule mama. Aliyoivaa. Alalie, ale chakula juu yake. Harufu ikiwa hapa, naye atakaa hapa."

"Nguo zimegawiwa," kaka akasema.

"Zote?"

"Zote."

Nikamuuliza kwa nini hakuomba hata moja. Akaniambia mwanamume haombi nguo za mkewe mbele ya matanga. Nikamwambia mimi si mwanamume. Kesho yake nikapanda lori.

Ni safari ya kuchosha. Unateremka mlima unaona Masasi imelala na majabali yake, kisha unasubiri gari lingine la upande wa Lukuledi, na vumbi linakuingia mpaka kwenye meno. Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia Nikolao, nimeyapanga tangu Newala, na mengine hayafai kanisani. Lakini Nikolao hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta magunia. Nilimkuta Skolastika, mdogo wake Veridiana, ambaye ndiye aliyeachiwa nyumba. Aliponiona alitupa ufagio akanikumbatia, tukalia wote wawili mlangoni. Ni vigumu kumtukana mtu mnayelia naye.

"Shemeji anaendeleaje, Mama Cecil?"

"Hali chakula. Na mbwa hali."

Nikamweleza. Alisikiliza mkono uko mdomoni. Khanga alizopata yeye zilikuwa bado kwenye kapu, hajathubutu kuzivaa. Akaniambia ipo moja, ya kijani, dada yake alijifunga nayo hata siku zile za homa. "Hiyo nitakupa. Lala, asubuhi utaondoka nayo."

Nililala. Asubuhi alinipa ile khanga imekunjwa vizuri, imenyooka, nikamshukuru mpaka nikapiga goti. Wala sikufikiri. Na nani angefikiri? Nguo ya mtu aliyekufa utampaje mgeni hivi hivi? Nimelelewa hivyo, naye kalelewa hivyo.

Kaka alinipokea barabarani, mbwa pembeni yake. Sijawahi kumwona na haraka vile. Hakusubiri tufike nyumbani. Aliichukua khanga, akaikunjua, akaishusha mbele ya pua ya Ruksa. Mbwa akasimama. Mkia ukaanza kucheza kidogo, nadhani kwa sababu ya ile rangi, au kwa namna kaka alivyomwita. Akanusa pindo, akanusa katikati, akarudi kwenye pindo. Kisha mkia ukaacha. Akapita juu ya khanga, akaenda kukaa mahali pake, akatazama njia.

Kaka akaiokota. Akaiweka usoni, akavuta pumzi ndefu.

"Wameifua," akasema.

Nami nikainusa. Sabuni. Sabuni nzuri, ya kununua, na jua, na joto la pasi ya mkaa. Skolastika wa watu alikuwa ameamka kabla yangu akaifua kwa heshima zote. Hapakuwa na Veridiana mle hata chembe. Kaka aliikunja tena ile khanga, polepole, kama ilivyokuwa imekunjwa, akanirudishia mimi kana kwamba ni mali yangu.

Baada ya hapo Ruksa aliacha na maji. Sultani alikuja akatikisa kichwa, akaniambia pembeni kwamba tumrudishe alikotoka, akimkosa ntu wake atapata walau ukuta wake. Nilimpelekea kaka maneno hayo. Akakataa. Nikayarudia, akakataa.

"Huyu ndiye niliyepewa, Dorika."

"Najua."

"Hujui. Mle ndani tulikuwa watatu. Nikisema Veridiana alikuwa anaimba akichekecha unga, nani mwingine atajua kwamba nasema kweli? Wewe ulimsikia? Huyu alimsikia."

"Kaka, atakufa."

"Hajafa."

"Basi mwache afe!" nikapandisha sauti, jirani wakasikia, potelea mbali. "Mwache afe hapa kwenye nguzo yangu, uchimbe shimo, uzike mwingine. Si ndicho unachotaka? Na ukimaliza kumzika yeye ujilaze na wewe ubavuni, mimi nitawafukia wote!"

Aliinuka akaingia ndani. Nililia nikipepeta mihogo mikavu ambayo haikuhitaji kupepetwa.

Asubuhi niliamka nikamkuta amesimama uani, amevaa shati lake la kanisani. Mbwa alikuwa amembeba mikononi maana kutembea kulishakuwa tabu.

"Twende," akasema.

Ndani ya lori alimpakata njia yote. Watu walimcheka, mzee mzima na jibwa mapajani. Dereva mwenyewe alitania kwamba huyo abiria nauli yake ni ya mtu mzima. Kaka hakusikia. Tulipobadilisha gari Masasi, Ruksa aliinua kichwa. Tulipoikaribia Lukuledi alianza kutetemeka mwili wote, akatoa sauti nyembamba, na kaka akawa anamwambia, "Bado, mama. Bado kidogo."

Tulipofika kwenye njia ya shamba akamweka chini. Yule mbwa wa kubebwa alikimbia. Aliyumba, akaanguka, akainuka, akapita katikati ya mikorosho. Mabibo yalikuwa yameiva, mekundu na manjano mpaka miti imeinama, na wanawake walikuwa chini wakiokota na kunyonyoa korosho. Wakapiga kelele, "Ruksa huyo! Ruksa!" Tulipofika nyumbani tulimkuta kwenye ukuta wa jiko, pale udongo ulipokuwa umelainika na kung'aa kwa mgongo wa mtu aliyezoea kuegemea hapo akichambua mboga. Alikuwa ameigandamiza pua yake palepale. Nilielewa mara moja. Ukuta haukuwa umefuliwa.

Skolastika akaleta kiporo cha ugali ndani ya kigae cha chungu, chombo chake cha siku zote. Ruksa akala. Alikula amelala, jicho moja limefumba, akalamba kigae mpaka kikasogea. Kaka akageuka, akajifanya anatazama miti.

Nikolao akatoka ndani. "Aa, wageni! Karibuni wageni, karibuni viti." Akavileta viti yeye mwenyewe, akavipangusa vumbi kwa mkono. Viti vile nilikuwepo kwa matembezi kaka akivichonga. Kaka akasema ahsante, akakaa kama anavyokaa mgeni, kwenye ncha. Tukapewa maji. Tukaulizwa habari za Newala, bei huko zikoje, mvua zikoje. Kaka akajibu yote. Kisha mbwa alipomaliza kula, kaka akainuka kwenda kukirudisha kile kigae ndani ya jiko, na kwa kupita pale mlangoni mkono wake ukapanda wenyewe juu ya upenu, mahali fulani kati ya fito na nyasi. Nadhani ndipo alipokuwa akichomeka panga lake miaka yote hiyo. Mkono ukapapasa, ukakuta panga la mtu mwingine. Akaushusha. Alitutazama kuona kama tumemwona, sote tukatazama chini.

"Shemeji, kaa angalau mpaka kesho," Skolastika akasema, machozi yako kwenye sauti.

"Hapana, shemeji. Gari litatuacha."

Nikolao akamwambia asiwe na wasiwasi, mbwa atatunzwa. Na ili tusiondoke mikono mitupu, akaingia ndani akatoka na kikapu cha korosho zilizobanguliwa. Nyeupe, kubwa, za miti ile. "Zawadi, shemeji. Mkatafune njiani." Maneno yangu yote niliyoyapanga siku ile ya kwanza yakanipanda kooni. Lakini kaka yangu alikwishanyoosha mikono yote miwili, amepiga magoti kidogo, anapokea.

"Ahsante sana, shemeji. Mmelima vizuri."

Ruksa alitusindikiza. Alikuja mpaka mkorosho wa mwisho, ule ulio karibu na njia, akakaa. Kaka akachuchumaa akamshika masikio. Mbwa alimlamba uso mzima, na furaha yake ilikuwa ya kweli, hakuwa amemkataa hata siku moja. Kaka akaifungua ile kamba ya katani shingoni mwake akaizungusha mkononi.

"Rudi," akamwambia. "Rudi nyumbani."

Mbwa akarudi. Hakugeuka, alikuwa na shughuli na ukuta wake. Kaka alisimama pale, na kwa dakika moja nikaogopa kwamba naye atamfuata, kwamba miguu yake itakwenda yenyewe kama mkono ulivyopanda wenyewe. Nilimshika kiwiko. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu ndani ya shati la kanisani.

Tulilala Masasi kwa mtu tunayefahamiana naye, na kesho yake jioni, jua bado lipo, tukafika Makote. Kaka hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya jiko, akakaa chini pale mbwa alipokuwa akikaa, kamba bado iko mkononi, akatazama njia ya barabarani.

Mimi nikawasha moto. Nikasonga ugali, nikapika kisamvu kwa zile korosho za Nikolao, maana korosho hazina kosa. Nikampakulia. Nikamnawisha mikono. Alikata tonge, akaliviringisha, akaliviringisha tena, akalirudisha kwenye sahani.

"Nimeshiba, dada."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilikasirika kwa kila kitu, kwa Nikolao na adabu zake, kwa sabuni, kwa Veridiana aliyekufa akaniachia mzigo huu, kwa desturi yetu ambayo hata mimi nikifa leo watu wangu wataendelea kuifuata. Nikaivuta ile sahani kwangu. Nikakata tonge kubwa. Nikapandisha mkono wa blauzi, nikalipitisha kwapani, nikaligandamiza barabara, siku mbili za vumbi na jasho la malori, nikamsogezea mdomoni.

"Kula."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Dorika. Una wazimu."

"Kula, nimesema. Hapa ndipo kwenu. Hakuna lori litakalokurudisha popote. Kula."

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza mabegani, kikashuka tumboni, nikakisikia kwa mara ya kwanza tangu alipokuja, na kabla hakijafika mwisho kikageuka, akawa analia, kaka yangu mkubwa, kwa sauti, kama alivyolia tulipokuwa wadogo akaingiwa na utomvu wa mnyaa machoni. Sikuushusha mkono. Ulianza kuniuma, sikuushusha. Alilia mpaka akachoka, akafuta uso kwa ile kamba, akafungua mdomo. Nikamlisha. Akatafuna kwa muda mrefu huku machozi yanashuka, akameza.

Nikakata tonge lingine.